Saa Mbili ya Mtukufu

Nchi ya Subirini haimo katika ramani yoyote, haipakani na nchi yako, na watu wake hawafanani hata kidogo na watu unaowafahamu. Hilo lieleweke tangu mwanzo, ili msomaji akicheka acheke kwa amani, na akiulizwa na wakubwa anacheka nini, aseme anawacheka watu wa mbali.

Katika nchi hiyo palikuwa na Mheshimiwa Farijala Mkwezi, Waziri wa Saa, Majira na Kungoja. Kabla ya uwaziri alikuwa mwalimu wa zamu katika Shule ya Bweni ya Mwambakofi, na kazi yake kubwa ilikuwa kugonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa nje ya jiko, na Mwalimu Farijala aliigonga kwa kipande cha nondo kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha katika somo la Hisabati.

Siku moja Mtukufu Rais Bonaventura Shangwe, Baba wa Mapambazuko, aliahidi kuitembelea shule hiyo saa mbili asubuhi. Wanafunzi wakapangwa uwanjani tangu alfajiri. Saa mbili ikaja, ikapita. Adhuhuri ikaja, ikapita. Waliozimia wakamwagiwa maji na kurudishwa mstarini. Jua lilipokuwa limeshakuwa jekundu upande wa magharibi, msafara ukatokea na vumbi lake. Mguu wa Mtukufu ulipogusa ardhi tu, Mwalimu Farijala akairukia rimu, akaigonga kengele ya gwaride la asubuhi, kisha akaja mbio na kuinama.

"Karibu Mtukufu. Umewahi. Kengele ya saa mbili ndiyo kwanza inalia."

Mtukufu akalitazama jua. Akamtazama Farijala. Akalitazama tena jua, safari hii kama mtu anayemtazama mtumishi mtovu wa nidhamu.

"Huyu," akasema, "ndiye mtu pekee katika nchi yangu anayejua saa."

Hivyo ndivyo Farijala alivyopata uwaziri. Lakini Wizara ya Elimu ya Subirini haimpotezi mwalimu kirahisi. Ilimwandikia kuwa yuko likizo bila malipo, na siku atakapopoteza uwaziri atarudi palepale alipotoka, darasa lilelile, yaani Kidato cha Pili B.

Hapa msomaji asiyekijua Kidato cha Pili B cha Mwambakofi atauliza, kwani kuna nini? Hakuna kitu. Ni vijana watulivu, wenye adabu, ambao katika muhula mmoja tu walimwekea Mwalimu Farijala chura katika droo ya meza, wakampaka gundi kiti, na wakamfundisha kasuku wa mkuu wa shule kusema "Farijala, kaa chini." Waziri aliweza kukemea mabalozi bila kupepesa jicho, lakini akilikumbuka darasa lile, goti lake la kushoto lilicheza lenyewe.

*Jinsi Bwana Kroni alivyoajiriwa*

Kazi ya kwanza ya Waziri mpya ilikuwa kuipa nchi mtambo wa kisasa. Ikanunuliwa seva, ikawekwa katika chumba chenye baridi kali ghorofa ya chini ya wizara, na akaletwa Injinia Tatu Kishindo, kwa mkataba na si kwa utumishi wa umma, kuiangalia. Injinia Tatu alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa koti la sufi mwaka mzima kwa sababu ya baridi ile, na aliyependa mandazi kuliko alivyolipenda Baraza la Mawaziri.

"Seva hii inaendeshwa kwa mfumo wa Linux," aliwaeleza mawaziri. "Ndani yake kuna Kroni. Kazi yake ni kukumbuka kazi zinazojirudia. Unamwandikia mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, na mwisho jambo la kufanya. Saa ikifika, anafanya. Kesho ikifika tena, anafanya tena. Hachoki, hasahau, hakuulizi kitu."

Mawaziri wakatazamana. Katika Subirini hawajawahi kumsikia mtumishi wa namna hiyo.

"Huyu Kroni ni mtu wa wapi?" akauliza Waziri wa Kazi.

"Si mtu, Mheshimiwa. Ni programu."

"Najua, najua. Lakini kwao ni wapi?"

"Hana kwao."

"Analala wapi?"

"Halali."

"Anakula nini?"

"Hali."

Waziri wa Kazi akapiga meza. "Basi huyo ni mzalendo! Afunguliwe jalada."

Bwana Kroni akafunguliwa jalada la utumishi wa umma, akapewa cheo cha chini kabisa, akawekwa katika kipindi cha majaribio mpaka tabia yake ijulikane. Injinia Tatu alijaribu kueleza. Baadaye akaona ni afadhali akale andazi.

Siku ya uzinduzi Mtukufu mwenyewe alibonyeza kitufe kuukubali mstari wa kwanza, ambao ulisema kwamba kila tarehe mosi, muda mfupi kabla ya saa mbili asubuhi, seva iulize saa za dunia zinasemaje, kisha ijirekebishe. Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini, kama ilivyo desturi ya uzinduzi.

Mstari wa pili ulikuwa wa wimbo wa taifa, upigwe katika vipaza sauti vyote vya nchi kila asubuhi. Mkuu wa Itifaki akaja kuukagua, akakunja uso.

"Hizi nyota tatu ni za nini?"

"Nyota maana yake ni yoyote ile," akasema Injinia Tatu. "Hapa kuna dakika, hapa kuna saa. Halafu tarehe yoyote, mwezi wowote, siku yoyote."

"Mtukufu ana nyota tano begani. Wewe mstari wake unaupa tatu? Umemfanya nani, afisa wa magereza?"

"Mheshimiwa, nikiweka nyota zote tano, itakuwa kila dakika."

"Binti, nyota tano."

Zikawekwa, na jina la Rais likaandikwa pembeni. Tangu asubuhi ile wimbo wa taifa wa Subirini ulipigwa kila dakika, na kwa kuwa sheria inamtaka kila raia akae mguu sawa wimbo unapopigwa, nchi nzima ikasimama. Kinyozi alisimama na wembe, na mteja wake akasimama na nusu ya ndevu. Mpiga penalti alisimama, kipa akasimama, mpira wenyewe ukasimama. Huko Mwambakofi vijana walisimama na kukaa, wakasimama na kukaa, na hawakujifunza neno hata moja, jambo ambalo liliwahuzunisha sana.

"Ufute huo mstari!" Farijala alipiga kelele akiwa mguu sawa.

"Siwezi bila kibali cha Baraza."

Baraza likakaa, likasimama, likakaa, na likatoa uamuzi mzito: mstari wenye jina la Rais haufutwi, haubadilishwi, wala haupunguzwi, kwa maana kumfuta Rais ni uhaini. Ikawa sheria. Bahati nzuri alitokea panya mwenye busara akaukata waya wa vipaza sauti. Panya huyo alionekana na watu wachache sana, na aliyemwona vizuri ni Injinia Tatu, ambaye mkononi alikuwa ameshika koleo.

*Mtukufu anachoshwa na wachelewaji*

Haukupita muda, Mtukufu akalihutubia taifa. Hotuba ilipangwa kuanza asubuhi na ikaanza jioni, na ilihusu uchelewaji.

"Ndugu wananchi! Uchelewaji ni mchwa! Uchelewaji ni kutu! Mimi, ambaye sijawahi kuchelewa hata siku moja, nasema basi! Kuanzia kesho, mtumishi yeyote wa umma, mkubwa kwa mdogo, ambaye saa mbili kamili asubuhi hajaweka kidole gumba katika mashine ya mlango wa ofisi yake, amefukuzwa! Na nafasi yake apewe aliyewahi kuliko wote!"

Makofi yalipoisha, Farijala alikuwa ameshashuka mbio kwenye chumba cha seva.

"Injinia, mstari umeuandika?"

"Nimeuandika, kama alivyosema."

"Umeandika nini hapo kwa Mtukufu?"

"Sijaandika kitu. Amesema mkubwa kwa mdogo."

Farijala akahisi goti la kushoto linaanza. Kila mtu mjini alijua kwamba Baba wa Mapambazuko hajawahi kuliona pambazuko hata moja. Aliamka watu wakipakua chakula cha mchana. "Mtoe, mama. Andika: isipokuwa Rais."

"Vyema. Mheshimiwa uniandikie agizo. Sema: Rais huchelewa, kwa hiyo sheria ya kuchelewa isimhusu. Halafu utie sahihi hapa."

Waziri akaichukua kalamu. Akaitazama. Akairudisha taratibu mezani, kama mtu aliyeshika kaa la moto asitake watu wajue kwamba anaungua.

"Hakuna haja," akasema. "Mtukufu hachelewi."

*Jinsi saa ilivyofundishwa adabu*

Asubuhi iliyofuata mji mzima ulikimbia. Majaji walikimbia na majoho yao, makatibu wakuu walikimbia na chai mkononi, na saa mbili ilipokaribia vidole vyote vya serikali vilikuwa vimeshabonyezwa, isipokuwa kidole kimoja kinene ambacho wakati huo kilikuwa chini ya shavu la mwenye nacho, juu ya mto wa manyoya.

Farijala alikuwa mbele ya seva, jasho linamtiririka katika baridi. Alishayaona mambo yatakavyokuwa. Mtukufu atafukuzwa na mashine, mashine ni ya Waziri wa Saa, na kabla ya jua kuchwa Waziri wa Saa atakuwa ameketi juu ya gundi mbele ya Kidato cha Pili B.

Ndipo akakumbuka ile rimu ya lori.

"Injinia! Irudishe saa nyuma!"

"Ya ukutani?"

"Ya seva! Ya nchi! Irudishe saa moja!"

Injinia Tatu akaandika maneno machache, na Subirini ikarudi saa moja asubuhi. Saa mbili ilipokaribia tena, ikarudishwa tena. Na tena. Mtukufu alipofika ofisini anapiga miayo, jua likiwa utosini, seva ilionyesha saa mbili kasorobo.

"Nimewahi," akasema Mtukufu akiitazama saa kwa mshangao wa kweli.

"Kama kawaida, Mtukufu," akajibu Farijala.

Tangu siku hiyo ikawa ndio utaratibu. Kila asubuhi Waziri aliweka kidole gumba chake kwanza, akashuka kwenye seva, na kuizuia saa mbili isije mpaka Mtukufu ameamka. Mawaziri wengine waligundua upesi kwamba saa mbili haiji kabla ya Rais, kwa hiyo hawakuona sababu ya kuja kabla ya saa mbili. Majaji wakaacha kukimbia. Makatibu wakuu wakainywea chai nyumbani, na kuongeza kikombe cha pili.

Shida moja tu. Kroni hakuambiwa kwamba haya ni mambo ya heshima. Yeye aliambiwa dakika na saa. Kila saa moja na nusu ilipofika alifanya kazi za saa moja na nusu, na kama saa moja na nusu ilifika mara nne kabla ya chakula cha mchana, alizifanya mara nne bila kuguna. Mabomba ya mji yalifunguliwa na kufungwa hadi yakapata kikohozi. Redio iliwatakia wasikilizaji asubuhi njema mpaka wasikilizaji wakaanza kuishuku. Na shule za bweni, ambazo sasa kengele zao zote zilipigwa na Kroni, ziliishi maisha mapya.

Huko Mwambakofi kengele ya uji iliposikika kwa mara ya pili, mpishi alitoka jikoni na mwiko.

"Si mmekunywa sasa hivi nyinyi?"

"Tumekunywa, shangazi," akajibu kiranja wa Kidato cha Pili B, kijana mpole aitwaye Lukelo, akiwa ameshapanga foleni na bakuli lake. "Lakini sisi ni nani hata tubishane na serikali?"

Walikunywa uji mara nne siku hiyo, kwa utii mkubwa. Siku ya pili unga ukaisha. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba kabla ya kengele ya uji huwa kuna kengele ya kuoga maji ya baridi, nayo pia ilikuwa inarudi. Uzalendo ukapungua kidogo.

*Jua linapewa onyo*

Siku zikaenda, ila zilienda polepole. Saa ya serikali iliachwa nyuma na jua, kwanza kwa nusu siku, halafu kwa siku nzima, halafu kwa siku kadhaa. Watu walikula chakula cha mchana gizani kwa amri, na kulala kwa amri jua likiwa linawaka. Mwandishi mmoja wa gazeti alithubutu kuuliza, na Waziri akaitisha mkutano.

"Wizara yangu imechunguza," alisema Farijala, ambaye sasa hotuba zilimtoka kama maji, "na imebaini kwamba saa yetu haina kasoro. Tatizo ni jua. Jua limekuwa na haraka isiyo ya kizalendo. Linachomoza bila kusubiri wakubwa, linazama bila kuaga. Tumeliandikia onyo la kwanza."

"Likikaidi, Mheshimiwa?"

"Tutaliandikia la pili."

Mtukufu alifurahi sana, hasa Waziri wa Katiba alipomnong'oneza kwamba kwa mwendo ule kila miaka mitano ya urais itazaa karibu mwaka mmoja wa ziada. Farijala akaitwa Ikulu, akavishwa Nishani ya Mshale Mdogo, akabusiwa mashavu yote mawili. Usiku ule, au mchana ule, kutegemea unamuuliza nani, aliwaza kwamba Kidato cha Pili B hakitamwona tena maishani.

Mtu mmoja tu alimtia wasiwasi.

"Mheshimiwa," alisema Injinia Tatu, "usiusahau ule mstari wa kwanza. Tarehe mosi seva itauliza saa za dunia."

"Tarehe mosi ikifika tutaona."

"Ndiyo inakaribia."

"Injinia, katika nchi hii tarehe haifiki bila mimi."

*Tarehe mosi inafika bila yeye*

Ilifika. Na kwa kuwa saa ya serikali ilikuwa imezunguka weee mpaka ikakaribia kukutana na jua, ilifika asubuhi ya kweli, yenye jogoo na ukungu. Farijala aliweka kidole chake kama kawaida, akaingia katika chumba cha seva, akakaa. Nchi nzima ya wakubwa ilikuwa imelala fofofo. Injinia Tatu alikuwa ametoka kwenda kununua mandazi, kwa sababu mbele yao kulikuwa na asubuhi ndefu ya kurudisha saa.

Kroni, kama alivyoandikiwa, aliuliza saa za dunia zinasemaje. Dunia ikamjibu. Saa ya Subirini ikaruka siku zote zile kwa mkupuo mmoja na kutua dakika moja kabla ya saa mbili, siku ambayo nchi jirani zote zilikuwa zinaijua tayari.

Farijala akatoa macho. Akairukia kibodi.

RUDI, akaandika.

*Huna ruhusa,* ikajibu seva.

RUDI NYUMA. MIMI NI WAZIRI.

*Huna ruhusa.*

TAFADHALI.

*Huna ruhusa.*

Ikagonga saa mbili kamili.

Simu zikaanza kulia mji mzima. Kwenye mto wa manyoya simu ililia, na Mtukufu Bonaventura Shangwe, Baba wa Mapambazuko, akasoma kwa jicho moja kwamba amefukuzwa kazi kwa kuchelewa, na anashukuriwa kwa mchango wake. Makamu naye akapata wake. Spika, majaji, majenerali, wakuu wa mikoa, wote wakapata. Kisha simu ya Farijala ikalia, na haikunyamaza. *Umeteuliwa kuwa Rais. Umeteuliwa kuwa Spika. Umeteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Umeteuliwa kuwa Mkuu wa Majeshi. Umeteuliwa kuwa Msimamizi wa Mnada wa Mifugo.* Katika serikali nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi.

Injinia Tatu akaingia na mfuko wenye mafuta. Akaitazama skrini, akamtazama yeye.

"Hongera, Mtukufu," akasema. "Andazi?"

Kabla hajalipokea, simu ikalia tena. Alikuwa Shangwe, sauti bado ya usingizini lakini kali.

"Farijala! Rudisha saa! Irudishe mpaka jana, nilipokuwa Rais!"

Farijala akapiga hesabu. Kweli! Saa ikirudi jana, Rais wa jana atarudi nayo. Na Rais wa jana hatamsamehe kwa yaliyotokea leo. Akaliona darasa, akaiona droo, akamsikia kasuku.

"Injinia," akasema, na sauti yake ikawa imeshaanza kuwa ya Ikulu, "andika mstari wangu wa kwanza. Saa ya nchi hii isirudishwe nyuma tena. Na mtu yeyote. Hata mimi."

"Hata wewe? Una hakika, Mtukufu?"

"Hata mimi! Weka jina langu, usifutike kamwe!"

Ukaandikwa. Kwa furaha akatoa amri nyingine nyingi siku ile: akaliondolea jua onyo, akajipandisha vyeo vilivyobaki, na kwa kuwa alijisikia mkarimu, akamthibitisha kazini Bwana Kroni, ambaye kipindi chake cha majaribio kilikuwa kimeisha bila doa.

*Urais wa Farijala Mkwezi, kwa kirefu*

Alilala nyumbani kwake, kwa kuwa Shangwe alikuwa bado anatafuta soksi zake Ikulu. Asubuhi aliamka mapema, mapema kweli. Mkewe, Bi Mwanaidi, alimkuta anavaa nishani juu ya fulana.

"Baba Tumu, msafara umekuja?"

"Bado wanaupanga. Pikipiki mbele, pikipiki nyuma, nani akae karibu na nani. Siwezi kuwangoja. Saa mbili lazima kidole changu kiwe Ikulu. Nipe ufunguo wa gari lako."

"La kwangu halina honi."

"Rais hahitaji honi."

Akaondoka katika kigari kile cha rangi ya maziwa, peke yake, anapiga mluzi. Ikulu ilikuwa karibu. Alikuwa na muda wa kutosha na wa kubakiza. Alipofika makutano ya barabara kuu, askari wa usalama barabarani mwenye glavu nyeupe akanyoosha mkono.

"Simama hapo, mzee."

"Afande, nina haraka."

"Wote wana haraka. Barabara imefungwa. Rais anapita."

Farijala akatoa kichwa dirishani. "Rais ni mimi!"

Askari akakitazama kigari. Akaitazama fulana. "Na mimi ni mama yake Rais. Zima gari."

"Tazama hii nishani!"

"Nzuri. Mke wangu ana hereni kama hiyo. Zima gari, mzee, usinitie matatani. Msafara ukipita nitakuachia."

Na kweli msafara ulikuwa unakuja. Ulikuwa umefika nyumbani kwake mara tu alipoondoka, na Mkuu wa Itifaki, ambaye alifukuzwa jana yake lakini alikuja kazini kwa mazoea, na ambaye hakuthubutu kumuuliza Rais kama yumo ndani, alifunga mlango wa gari lenye mapazia na kuamuru liondoke. Sasa lilikuja mwendo wa heshima, pikipiki mbele na pikipiki nyuma, polepole kabisa, ili wananchi walione vizuri pazia.

Farijala akapiga simu huku goti linacheza.

"Injinia! Rudisha saa! Kidogo tu!"

"Haiwezekani, Mtukufu. Kuna mstari."

"Ufute!"

"Una jina la Rais."

"Rais ni mimi!"

"Ndiyo maana," akasema Injinia Tatu, na alionekana kuhuzunika, ingawa alikuwa anatafuna.

Gari lenye mapazia likapita mbele yake. Askari akapiga saluti. Farijala, kwa mazoea ya miaka mingi, naye akapiga. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye paji la uso wakati simu ilipolia.

*Umefukuzwa kazi kwa kuchelewa. Asante kwa mchango wako.*

Ukaja ujumbe wa pili, wa Wizara ya Elimu, uliomtakia kheri arudipo kazini baada ya likizo yake bila malipo.

*Mwisho, ambao ulifika kwa wakati*

Aliyewahi kuliko wote asubuhi ile alikuwa mtumishi mmoja wa cheo cha chini, aliyethibitishwa kazini jana yake, asiyelala wala asiyekula, na asiyehitaji kidole gumba kwa kuwa hajawahi kutoka ofisini. Ndiye Rais wa Subirini mpaka leo. Hahutubii. Hazindui kitu. Maji hufunguliwa, taa huwaka, na watu wanasema hawajawahi kuongozwa vibaya kwa utulivu namna hiyo. Kila asubuhi barabara kuu hufungwa, gari tupu lenye mapazia hupita na watu hulipungia mkono, kwa sababu kuna mstari unaosema hivyo na una jina la Rais.

Mwalimu Farijala aliingia Kidato cha Pili B siku ya Jumatatu, kipindi cha kwanza. Darasa zima likasimama kwa pamoja, kimya, sare zimefungwa vifungo mpaka shingoni. Hilo peke yake lilimtisha.

"Shikamoo, Mtukufu Rais Mstaafu!"

"Marahaba. Kaeni."

Hawakukaa. "Tangulia wewe, Mtukufu," akasema Lukelo kwa heshima kubwa. "Itifaki."

Farijala akakigusa kiti kwa kidole. Kidole kikabaki pale kidogo kabla ya kubanduka. Akaamua kufundisha akiwa wima. Akavuta droo kutafuta chaki.

Chura alikuwemo. Alikuwa amekaa juu ya kitambaa cha kijani, mnene, mtulivu, na kifuani mwake ilining'inia nishani ya kizibo cha soda iliyochorwa mshale mdogo. Akamtazama Mwalimu Farijala kama kiongozi anayempokea kiongozi mwenzake.

Mwalimu akaitazama saa ya ukutani. Kipindi kilikuwa ndio kwanza kinaanza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kwa moyo wote mtu aisukume ile saa mbele.

"Lukelo," akasema taratibu, "kengele ya kutoka itapigwa lini?"

"Kwa wakati wake, Mwalimu," akajibu Lukelo. "Wewe mwenyewe ulikataza isirudi nyuma. Kuhusu kwenda mbele hukusema kitu."

Akafikiri kidogo, kisha akaongeza kwa upole, "Lakini sasa hatuwezi kukuombea isukumwe. Rais wetu haongei na watu."